Barua kwa Mwanahawa, kuhusu picha ya "tapeli wa friji"

Tanga,
Jumapili jioni

Shoga yangu Mwanahawa,

Salamu zako zimefika, na skrinishoti zako tano pia, za ile picha ya mwanamke iliyotumwa kwenye kundi lenu la WhatsApp akiitwa tapeli wa friji. Ningekupigia, lakini utahitaji kuyarudia haya ukiwa na simu mkononi, kwa hiyo nakuandikia.

Kabla hujaendelea kusoma, ingia kwenye kundi. Piga skrinishoti inayoonyesha ile picha, maneno yaliyoandamana nayo, namba ya aliyeituma na saa. Kisha bonyeza ujumbe kwa muda mrefu uufute kwa watu wote. Wewe ni admini, na WhatsApp humruhusu admini kufuta ujumbe wa mwanakundi yeyote, si wake tu. Halafu nenda kwenye mipangilio ya kundi uweke admini pekee ndio watume ujumbe mpaka kesho asubuhi. Watanuna, waache wanune. Wakishindwa kuandika usiku mmoja hakuna atakayekufa. Huyo dada wa kwenye picha nyumba yake inatajwa, na shule ya watoto wake inatajwa.

Waliokwisha kuifowadi kwingine wanaweza bado kufuta walichotuma wenyewe, lakini dirisha hilo hufungwa baada ya siku mbili na kidogo. Picha imeingia jana usiku, kwa hiyo waambie wafute leo. Ikifika Jumanne wengi watakuta chaguo la kufuta kwa wote halipo tena. Na ajue kila mmoja kwamba kufuta kwenye gumzo si lazima kufute kwenye simu: mwenye kuhifadhi picha moja kwa moja aangalie na hifadhi yake ya picha.

Sasa lile swali lako, "lakini kama kweli ni tapeli?" Haya, tuufuate mnyororo wenu pete kwa pete, maana umenieleza vizuri. Mtu alilipia friji mtandaoni, mzigo haukufika. Akachukua namba ya muuzaji, akajifanya anaituma pesa, jina likatokea. Akaliandika jina hilo Facebook, akapata mwanamke wa Morogoro mwenye jina lilelile, akachukua picha yake. Mwingine akaongeza mtaa. Wa tatu, ambaye anamfahamu kwa sura, akaongeza shule. Kila mmoja ameongeza kidogo, na hakuna aliyehakikisha alichokipokea kwa mwenzake.

Jina linalotokea ukituma pesa ni la aliyesajiliwa kwenye laini. Halikuambii nani ameishika simu. Matapeli wa kazi hii hawatumii laini zilizosajiliwa kwa majina yao, hilo ndilo jambo la kwanza wanalojifunza. Wakala wa mtaani anaweza kumgandamizisha mteja kidole mara mbili, akasema mara ya kwanza haikusoma, na laini ya pili ikaondoka na mtu mwingine. Ndiyo maana kila mtu anapaswa kupiga *106# aone ni namba ngapi zinasoma kitambulisho chake cha NIDA. Tena namba isiyotumika muda mrefu hurudishwa sokoni ikapewa mtu mwingine. Na kama kuna aliyetumia Truecaller, jina la kule linaweza kuwa ni vile tu watu walivyoihifadhi namba hiyo kwenye simu zao. Nikikuhifadhi "Mwanahawa Mwizi", na wenzangu wakafanya hivyo, programu itaniamini.

Pete ya Facebook ndiyo mbovu kuliko zote. Majina yetu unayajua. Asha Juma, Fatuma Salum, Neema John: ukiita sokoni wanageuka watu kumi. Jina kufanana si ushahidi, hata likiwa na picha nzuri.

Kuhusu zile skrinishoti za mazungumzo, fanya jaribio moja na mwanao hapo nyumbani. Ahifadhi namba yako kwa jina la mwenyekiti wa mtaa, aweke na picha ya mwenyekiti kwenye akaunti yako, kisha mtumiane ujumbe wa matusi. Dakika tatu tu, na mna "ushahidi" kwamba mwenyekiti katukana. Kwa hiyo anayeleta skrinishoti mwombe arekodi skrini akifungua gumzo, apandishe juu mpaka ujumbe wa mwanzo, kisha abonyeze jina ili namba yenyewe ionekane. Aliyedhulumiwa kweli atafanya bila shida. Aliyetengeneza atakwambia simu imeharibika.

Picha na video zina njia yake. Iweke picha kwenye Google Lens au TinEye uone imewahi kutokea wapi na lini. Ikiwa ni video, simamisha mahali panapoonekana vizuri, piga skrinishoti tatu au nne, utafute kila moja. Tazama mabango, sare za askari, namba za magari: zetu huanza na T, za Kenya na K, za Uganda na U. Sikiliza lugha inayosemwa nyuma. Kisha uliza kilichotokea nusu dakika kabla kamera haijawashwa, kwa sababu video nyingi za "tazama alichofanya" huanzia kwenye kofi la pili. Ujumbe wenye mishale miwili, unaoandikwa kuwa umesambazwa mara nyingi, umepita mikono mitano au zaidi. Aliyekutumia hajui ulikotoka, kwa hiyo usipoteze muda kumwuliza kama una ukweli. Mwulize kaupata kwa nani, umfuate huyo.

Hii ya mishale si mapambo. Mwaka 2018 nchini India zilizagaa jumbe za WhatsApp kuhusu wezi wa watoto. Mojawapo ya video zilizosambaa sana ilionyesha watu wa pikipiki wakimnyakua mtoto barabarani. Asili yake ni tangazo lililotengenezwa Karachi, Pakistan, la kuwahimiza wazazi wawe waangalifu. Kipande cha mwisho, ambapo mtoto anarudishwa, kilikuwa kimekatwa. Tarehe 1 Julai mwaka huo, katika kijiji cha Rainpada, jimbo la Maharashtra, umati uliwaua watu watano wageni, maskini waliokuwa wakizunguka kuomba, kwa kudhani ni wezi wa watoto. Mwezi huohuo WhatsApp ikapunguza idadi ya watu unaoweza kuwafowadia kwa mara moja, na 2020 ujumbe wenye mishale miwili ukawa haufowadiwi ila kwa gumzo moja kwa wakati.

Usidhani ni ujinga wa vijijini. Baada ya mabomu ya mbio za Boston, Marekani, Aprili 2013, wasomi wenye kompyuta nzuri walikaa usiku wakilinganisha picha, wakamtangaza mwanafunzi mmoja wa Brown University kuwa ndiye mlipuaji. Kijana huyo alikuwa ametoweka tangu Machi, na familia yake ilikuwa imefungua ukurasa wa Facebook wa kumtafuta. Ukurasa ukajaa matusi mpaka wakaufunga. Tarehe 23 Aprili mwili wake ulipatikana mtoni. Alikuwa amekwisha kufa kabla mabomu hayajalipuka, na wahusika halisi walikuwa ndugu wawili wengine kabisa. Reddit, mtandao uliomkosea, uliomba radhi, lakini fikiria mama yake alisoma nini wiki ile.

Magazeti yetu yana msemo wa zamani, "wananchi wenye hasira kali". Barabarani hasira hiyo ilikuwa na kikomo cha sauti: anayesikia "mwizi!" ni aliye karibu, na mara nyingine hutokea mzee mmoja akasimama katikati akasema subirini. Kwenye simu anayesikia yuko Mwanza na Muscat, na huyo mzee hana pa kusimama. Kila mmoja anadhani ametoa kofi moja dogo, "aibu kwako", basi. Anayepigwa anapokea makofi elfu kwa usiku mmoja. Na ukweli hauna miguu ya uongo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kwenye jarida la Science, wa habari zilizopita Twitter tangu 2006 hadi 2017, ulikuta habari za kweli zikitumia takriban mara sita ya muda wa habari za uongo kufikia watu 1,500. Kwa hiyo nafasi yako kama admini ni ile saa ya kwanza. Ukiingia siku ya tatu utakuta wameshahama, wanasambaza nyingine.

Mwanahawa, sisemi watu wanyamaze wakitapeliwa. Aliyeibiwa ana haki ya kusema, na anayesema "mimi nilifanyiwa hivi" kwa jina lake mwenyewe si sawa na mia tatu wasiokuwapo wanaotafuta nyumba ya mtu. Mwelekeze aeleze tendo, aache sura: "Kuna anayeuza friji mtandaoni, anataka malipo yote kwanza, akishalipwa anazima simu. Lipeni mkiuona mzigo." Hapo wenzake wameonywa, na kama dada si yeye hakuna aliyeumia. Ujumbe wa kitapeli na namba yake avitume 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Yeye mwenyewe aende polisi na uthibitisho wa muamala, afungue jalada, achukue RB, yaani namba ya taarifa yake kituoni. Najua utaniambia polisi watazungusha. Huenda. Lakini polisi wanaweza kuomba taarifa za laini kwa kampuni ya simu, kundi lenu haliwezi. Nanyi someni Katiba, ibara ya 13(6)(b): hata aliyeshtakiwa mahakamani ni marufuku kumtendea kama mwenye hatia mpaka ithibitike. Huyu hata kushtakiwa hajashtakiwa.

Na yeye je, huyo dada? Umesema mnafahamiana kupitia kikoba, basi mfikishie haya.

Asijibu komenti moja moja. Kila jibu huipandisha posti juu, na jibu la hasira hukatwa likawa posti mpya. Nanyi marafiki zake msiende kuwatukana waliomtukana, mtawapa umati wa pili wa kupigana nao. Aandike tamko moja fupi: namba hiyo si yangu, siuzi friji, nimeripoti, RB namba fulani. Basi, anyamaze. Simu yake ashike mtu mmoja anayemwamini, awe anasoma kwa niaba yake na kumwambia yanayohitaji hatua tu. Hili watu hulipuuza, lakini ndilo linalomwezesha mtu kulala.

Huyo msomaji aandike daftari: tarehe, saa, jina la akaunti pamoja na lile la utambulisho linaloanza na alama ya @ (la juu hubadilishwa kila siku), linki ya posti, maneno yenyewe. Skrinishoti zihifadhiwe mahali pawili. Picha wanazotumiana kama ushahidi wazitume kama faili, si kama picha, kwa sababu WhatsApp huzibana na kufuta taarifa zilizomo ndani yake. Gumzo lenyewe asilifute hata likimtia kichefuchefu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitaka mahakama ipime jinsi taarifa ilivyotengenezwa na kutunzwa, na simu yenye gumzo kamili ina uzito kuliko karatasi iliyochapwa.

Kuripoti kwenye mtandao wenyewe: aripoti kila posti kivyake, siyo akaunti tu, na achague sababu sahihi. Iliyotaja nyumba na shule iripotiwe kwa kufichua taarifa binafsi, ya "tutakuja kukuchoma" kwa vitisho, akaunti iliyofunguliwa kwa picha yake kwa kujifanya mtu mwingine. Watu hukosea hapa, wanabonyeza "taarifa za uongo" kwa kila kitu, na ripoti hukwama.

Aweke PIN ya tarakimu sita ya uthibitishaji wa hatua mbili WhatsApp, picha yake ionekane kwa anaowafahamu tu, na wasiofahamika wasiweze kumwingiza kwenye makundi. Facebook afiche orodha ya marafiki, maana wanaomwandama wakimkosa yeye huenda kwa dada yake. Kesho asubuhi mapema amwone mwalimu mkuu kabla picha haijamfikia, wakubaliane nani tu wa kuchukua watoto.

Vitisho vya kumfuata nyumbani havisubiri daftari, aende kituoni leo, akitaka aombe Dawati la Jinsia na Watoto. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinahusu unyanyasaji wa aina hii, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Ukiwatajia hilo kundini, taja mara moja tu, bila kutisha. Sheria hiyo ina vifungu vilivyolalamikiwa sana kwa kubana wasemaji, nami sipendi ikigeuzwa fimbo ya kumnyamazisha aliyeibiwa.

Wakifikia kutengeneza picha chafu zake, StopNCII.org hutengeneza alama ya picha ndani ya simu yake, picha yenyewe haiondoki, na mitandao inayoshiriki huzuia inayofanana nayo. Ni kwa wenye miaka 18 na kuendelea. Kwa mtoto, pigeni 116, simu ya msaada kwa watoto.

Kesho ukifungua kundi, anza na ujumbe huu kabla mtu hajasema kitu. Usiambatanishe ile picha, hata ikiwa imepigwa msalaba mwekundu, kwa sababu wataikumbuka sura na kuusahau msalaba:

"Ndugu wanakundi, Jumamosi usiku ilitumwa hapa picha ya mwanamke akiitwa tapeli. Jina lilipatikana kwenye usajili wa laini tu, na hakuna aliyethibitisha kuwa ni yeye. Nimeifuta. Aliyeipeleka kundi lingine, aifute leo na apeleke ujumbe huu hukohuko. Aliyetapeliwa ameshauriwa kwenda kituoni. Anayejua lolote la kweli aniandikie mimi, asiandike hapa."

Urudie Alhamisi, saa ileile ya usiku picha ilipoingia, kwa sababu wanaoshika simu saa tatu usiku si wale wa asubuhi. Aliyeongeza jina la shule mpigie wewe mwenyewe, usimseme kundini.

Nisalimie mama na Shemeji. Ukipata RB ya huyo dada nitumie namba tu, nitakusaidia kupanga lile daftari.

Wako,
Zuhura