Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Watafiti Vijana na Walimu wa Sayansi Pemba

Assalaam aleikum wanajumuiya wenzangu,

Hesabu atazisoma Mshika Fedha. Mimi nitasema juu ya kazi yetu kubwa ya mwaka: kuwakutanisha wanafunzi wa uzamili wa sayansi na walimu wa maskuli yetu.

Marekani walianza mpango wa namna hii mwaka 1999, Taasisi yao ya Taifa ya Sayansi ikiwalipa posho watafiti vijana waingie madarasani. Mtafiti naye alitarajiwa kupata kitu: kujua kuieleza kazi yake kwa asiyeisomea. Sisi tumefuata utaratibu huo kwa uwezo wetu.

Somo la kichocho limenifurahisha kuliko yote. Watoto wetu humeza praziquantel, dawa ya kichocho, skuli, lakini wengi hawajui kidonge kinapigana na nini. Mtafiti alivaa mabuti na glovu, akaokota konokono wa bwawani, akawatia kwenye gilasi za maji penye mwanga. Konokono mwenye maambukizi akipata mwanga hutoa vijidudu vya kichocho. Mtafiti akaviua kwa iodini, akaviweka chini ya hadubini, na wanafunzi wakaiona mikia yao yenye panda. Kisha mwalimu akachukua chaki akachora mzunguko: mkojo, maji, konokono, ngozi ya mtoto. Mwanafunzi mmoja akauliza kama jua la adhuhuri ndilo linalovitoa kwa wingi. Ndilo, na ndizo saa watoto wanazopenda kuogelea, ingawa hakuna saa bwawa hilo linapokuwa salama. Kwangu, swali lile ndiyo sayansi yenyewe.

Lakini palipokuwa na mtafiti aliyekuja kama mgeni, akahutubia na kuondoka, hakikubaki kitu. Somo lilishika pale tu wawili hawa walipokaa pamoja kabla ya kipindi, na mwalimu akabaki mwenye darasa lake.

Kwa hiyo napendekeza mwakani tusiongeze skuli. Fedha ziende kwenye nauli na chakula cha Jumamosi za kupanga masomo. Wataalamu hawako mbali: Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri ipo hapo Wawi tangu mwaka 2000, nasi tuwaombe ushauri.

Walimu wa Micheweni wameomba somo la mwani, wajue kwa nini kotoni, aina ya mwani unaolimwa, hufa maji yakizidi joto, maana mama wa wanafunzi wao ndio wakulima. Naomba mkutano uliidhinishe leo, lianze muhula ujao.