Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Watumiaji Maji, Lamu

Ndugu wanachama, asalaam aleikum.

Mkutano uliopita mlituagiza jambo moja: tujue kwa nini maji yakifunguliwa, mitaa ya karibu na bahari hujaza mapipa, na mitaa ya juu mifereji hutoa hewa tu. Wengi wetu, nami nikiwemo, tulisema dawa ni pampu kubwa zaidi kule visimani Shela. Leo nawaomba tuliache wazo hilo.

Vijana wetu walipita kichochoro kwa kichochoro wakiandika urefu na upana wa kila bomba na mwinuko wa ardhi. Wakaviingiza vyote katika EPANET, programu ya bure ambayo shirika la mazingira la serikali ya Marekani lilianza kuitoa mwaka 1993. Hiyo hukokotoa maji yatapita wapi na kila mfereji utabakiwa na presha kiasi gani.

Jibu la kwanza lilisema kila nyumba inapata maji. Hapo tukajua pana kosa. Programu ilidhani tunachota kidogo kidogo kutwa nzima, na kwamba kila nyumba hupata inachotaka hata kama presha haipo. Sisi twajua yakija, mji mzima hufungua kwa pamoja kujaza tangi na birika, maana hakuna ajuaye yatarudi lini. (Wazee waliojenga birika, na kutia samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu, walijua thamani ya akiba.) Toleo la 2.2, la mwaka 2020, huweza kuhesabu maji kwa presha iliyopo. Tulipolitumia hivyo, hesabu zikakaribiana na geji tulizofunga kwenye mifereji alfajiri.

Tatizo ni bomba. Njia ya mitaa ya juu huanza na inchi 4, kisha hubanwa kuwa inchi 2. Kwa maji yaleyale, bomba la inchi 2 hula presha takriban mara 30 zaidi. Pampu kubwa ingepasua viungo vikuukuu huku chini, na juu yangefika machache.

Kubwa kuliko hilo ni chumvi. Maji matamu ya Shela yamekaa chini ya mchanga, yakielea juu ya maji ya bahari. Pampu kubwa ikiyavuta hadi uso wake ukashuka mita 1, maji ya chumvi chini yake huweza kupanda takriban mita 40. Kisima kikishaingia munyu, hakirudi upesi. Mimi nakiogopa kisima kilichoharibika kuliko mfereji mkavu.

Kwa hiyo kamati inaomba ridhaa yenu tuwapelekee wasimamizi wa mtandao pendekezo la kubadilisha kipande kile chembamba, pamoja na kielelezo chetu cha mabomba tulichotengeneza katika EPANET, wakikague wenyewe. Kaskazi ikielekea kwisha, kabla ya masika, tutapima chumvi visimani. Wenye nafasi ya kusaidia wajiandikishe kwa katibu leo kabla ya kuondoka.