Kwa Nini Tunatoza Ada ya Kukagua Mauser ya Zamani, Hata Tunapoikataa

Ndugu wateja, lawama ya kwamba karakana yetu "inakula pesa za kutazama" imerudi tena hapa Lubumbashi, safari hii kutoka kwa papa mmoja mwenye shamba upande wa Kipushi. Alituletea bunduki ya zamani ya jeshi iliyogeuzwa kuwa ya uwindaji, akalipa dola 40 za ukaguzi, kisha akarudishiwa bunduki ile ile pamoja na karatasi inayosema isifyatuliwe. Uchungu wake tunauelewa, kwa kuwa muuzaji alikuwa amekwisha kulipwa. Hata hivyo, ni haki wateja wengine wajue kilichofanyika mezani kabla ya karatasi ile kuandikwa.

Bunduki yenyewe ilikuwa Mauser ya mwaka 1889, yenye risasi ya milimita 7.65. Kiwanda cha silaha cha FN (Fabrique Nationale) cha Herstal, nchini Ubelgiji, kilianzishwa mwaka huo huo ili kutengeneza bunduki 150,000 za aina hiyo kwa ajili ya jeshi la Ubelgiji, na ndiyo aina iliyobebwa baadaye na askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni hapa kwetu. Ni kazi nzuri ya mafundi wa wakati ule, na sisi wenyewe tunaipenda. Ya papa huyu ilikuwa imepakwa vanishi mpya, chuma chake kimesuguliwa kwa msasa hadi kikang'aa, na ndani ya mtutu hakukuonekana uchafu. Mnunuzi aliyeiona kwenye baraza ya muuzaji asingeweza kuona zaidi ya hapo.

Tatizo ni kwamba mtutu wa aina hii umevikwa gamba jembamba la chuma kutoka mwanzo karibu hadi mwisho, na kati ya gamba na mtutu mna nafasi. Maji yakishaingia humo hayana njia ya kutoka, na mvua zetu zinazoanza karibu na Novemba huipa kutu miezi ya kufanya kazi bila kuonekana. Kulivua gamba hilo bila kuharibu kitu ni kazi ndefu, yenye kuloweka mafuta na kungoja. Tulipolivua, tulikuta mashimo ya kutu yanayonasa ukucha ukipitisha kidole, na mengi yalikuwa karibu na chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu linaloingia risasi, mahali ambapo nguvu ya baruti ni kubwa kuliko kwingine kote.

Tulipima pia nafasi iliyopo kati ya uso wa komeo, kile chuma kinachoifunga chemba kwa nyuma, na kitako cha ganda la risasi. Kuna kipimo cha chuma ambacho komeo linapaswa kukubali kufunga juu yake, na kingine ambacho linapaswa kukikataa. Komeo la papa lilifunga juu ya vyote viwili. Nambari yake haikufanana na ya bunduki, maana yake ni kwamba mtu aliwahi kuokota komeo jingine na kulipachika. Nafasi ikizidi, ganda linaweza kupasuka na moshi wenye moto ukamrudia mpigaji usoni. Mauser ya 1889 haina hata lile jino la tatu la usalama lililoongezwa kwenye komeo la Mauser ya mwaka 1898.

Njia ya mkato inayotuletea kazi nyingi kuliko zote, hata hivyo, ni ya kusafisha. Mteja hupata risasi za zamani za kijeshi kwa bei ndogo, hupiga chache, kisha humimina mazutu (dizeli) au mafuta ya injini ndani ya mtutu na kuamini kwamba ameitunza bunduki. Fataki za risasi hizo, yaani vile vidonge vya kitakoni vinavyowasha baruti, zilitengenezwa kwa klorati ya potasiamu, ambayo ikiungua huacha chumvi, na chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewa kama ile ya jikoni. Mafuta hayayeyushi chumvi. Huifunika tu, nayo inaendelea kula chuma chini yake. Kinachoiondoa ni maji. Sisi humimina maji ya moto kwa faneli yenye mpira mrefu kutoka upande wa chemba, ili yasiingie ndani ya gamba, kisha tunapitisha vitambaa vikavu hadi vitoke vyeupe, tunapaka mafuta kidogo, na kesho yake tunapitisha kitambaa kingine. Kikitoka na rangi ya matofali, tunaanza upya. Uso wa komeo na pini yake navyo huoshwa, jambo ambalo karibu kila mtu hulisahau. Mtutu ulioliwa na chumvi hauponyeki kwa msasa. Msasa huondoa kutu pamoja na ile mifereji inayoizungusha risasi, na kuupata mtutu mwingine wa 7.65 kunagharimu kuliko bunduki ilivyonunuliwa.

Kuhusu risasi, tuliwahi kumpokea kijana aliyenunua Mauser kwa sababu kaka yake alikuwa na kasha la "7.65". Zilikuwa za bastola ya Browning, zenye ganda la urefu wa milimita 17, wakati ganda la risasi ya bunduki hii lina milimita 53. Alikasirika nasi, si na aliyemuuzia.

Basi tunaomba bunduki iletwe kabla muuzaji hajalipwa, yeye mwenyewe akiwepo ikiwezekana. Ije ikiwa tupu, komeo likiwa limetolewa na kufungwa kando, pamoja na hati zake, kwa sababu nambari ya chuma isipolingana na ya kwenye kibali hatuigusi, hata akija jamaa yetu. Ukikubali matengenezo, dola 40 zinaingia katika gharama ya kazi. Tukiikataa, hazirudi, kwa kuwa bunduki inayokataliwa ndiyo iliyovuliwa gamba, ikapimwa mara mbili na kukaa mezani muda mrefu kuliko zile tunazozipitisha.