Huyo si madam, ni Daktari: barua kwa wanaoanza chuo

Wajukuu zangu wa mwaka wa kwanza,

Nilikuwa karani wa idara katika chuo kikuu kwa miaka 27. Meza yangu ilikuwa karibu na mlango, kwa hiyo kila aliyemtafuta mhadhiri alianzia kwangu. Kuna jambo liliniuma mpaka nikastaafu.

Mwanafunzi alikuwa akiingia na kuuliza, "Dokta yupo?" akimaanisha yule baba wa chumba cha pili. Hapohapo anaongeza, "Na madam je?" Huyo madam alikuwa na shahada ya uzamivu (PhD) kama mwenzake, tena alitangulia kuipata. Hakuwahi kumgombeza mtu. Siku moja tu aliniambia, "Mzee, mimi nimeisoma hii nikinyonyesha." Nikakosa la kumjibu.

Mwenye uzamivu ni Daktari, awe mwanamume au mwanamke. Kwenye barua mwandikeni Dkt. Profesa Mshiriki na Profesa wote huitwa Profesa. Wahadhiri Wasaidizi wengi bado wanausomea huo uzamivu. Msiwapachike udaktari kwa kutaka kuwafurahisha, mtawaaibisha mbele ya wenzao. Waiteni Mwalimu. Hamtakuwa mmewashusha: Nyerere alihitimu Edinburgh mwaka 1952, akawa Rais, akawa Mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970, na mpaka leo tunamwita Mwalimu.

Ukiwa na shaka, soma kibao cha mlangoni au muulize karani. Nawahakikishia, karani anajua. Naye pia ana jina, kama walivyo nalo mlinzi na mhudumu anayefagia ukumbi wenu.

Na hizi jumbe za simu, jamani! "Mambo dokta, alama zangu vipi?" Jina hakuna, namba ya usajili hakuna. Andika: "Shikamoo Daktari. Mimi ni fulani, mwaka wa kwanza, namba yangu ya usajili ni hii. Naomba kuja ofisini kuuliza kuhusu alama za jaribio la kwanza." Kama mhadhiri ni kijana wa rika lenu, "Habari za asubuhi, Daktari" inatosha.

Yule mama bado anafundisha. Mkimkuta darasani muhula huu, mwiteni Daktari tangu siku ya kwanza.

Babu yenu,
karani mstaafu