Alama zimejaa, simu haiendi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kero ya wavuvi wa dagaa wanaotoka mialo ya Mwanza na Ukerewe. Nyakati za giza, mtumbwi ukishafika mbali na taa zimewashwa, kitochi, ile simu ndogo ya vitufe, huonyesha alama zote za mtandao, lakini ukipiga, simu inakatika kabla haijaita. Hayo yamenikuta mwenyewe nikiwa majini, na kampuni tuliyoilalamikia ilitujibu kwamba mnara utaongezewa nguvu.

Nimefanya ufundi wa minara kwa miaka mingi, na naona jibu hilo halikugusa ugonjwa. Katika 2G, mtandao wa zamani ambao kitochi hutumia, simu nane hupokezana masafa yaleyale ya redio, kila moja ikiwa na zamu ya sehemu 577 za milioni ya sekunde. Kwa kuwa mawimbi huchukua muda kusafiri, simu iliyo mbali huamriwa na mnara itume mapema kidogo, ili sauti yake ifike ndani ya zamu yake. Amri hiyo ni namba kuanzia 0 hadi 63, kila moja ikiwakilisha takriban mita 550, kwa hiyo hesabu inaishia kilomita 35. Ukivuka hapo, unachotuma kinaangukia zamu ya mwenzako, na mnara hauwezi kukupokea hata uongezewe nguvu kiasi gani. Nchi kavu ni nadra kuliona hili, maana vilima na mawe yetu huyakata mawimbi mapema. Juu ya maji hakuna cha kuyazuia.

Dawa ipo, tena ya zamani: mnara unaotazama ziwa upangwe kumpa mpigaji zamu mbili zinazofuatana, na hapo unaweza kuhudumia hadi kilomita 120 hivi. Idadi ya wanaozungumza kwa wakati mmoja itapungua karibu nusu, lakini saa nane za usiku huko majini nani wa kugombania foleni? 4G, mtandao mpya zaidi, nayo inaweza kupangwa ifike kilomita 100, ila kitochi cha kawaida hakiipokei.

Naiomba Mamlaka ya Mawasiliano, inapopima ubora wa huduma kandokando ya ziwa, isitosheke na kusoma nguvu ya mawimbi. Wapimaji wapande mtumbwi usiku, wavuke kilomita 35 kutoka mnara ulio karibu, kisha wapige simu.

Fundi mstaafu,
Kirumba, Mwanza.