Kushusha gia, shika klachi

Mwanangu mpendwa,

Sote hatujambo, ila mdogo wako hana mazungumzo mengine tangu ulipompigia simu ukamsimulia kwamba siku hizi unabadilisha gia bila kugusa klachi, hiyo inayoitenganisha injini na gia, na kwamba hata katika safari ndefu unayoianza keshokutwa huna haja ya kuuchosha mkono wa kushoto. Nimeona nikuandikie, kwa kuwa kwenye simu ungeniitikia "ndiyo, baba" kisha ukafanya yako.

Sisemi kwamba jambo hilo haliwezekani. Gia za pikipiki hukaa zimeng'atana muda wote. Unapoinua pedali, gia mojawapo huteleza juu ya shafti na kuingiza meno yake ya ubavuni katika nafasi za jirani yake. Injini inapovuta, meno hayo hukabana na hayachomoki, lakini ukirudisha mkono wa kulia na kufunga mafuta kwa kitambo kidogo mbano hulegea, na iwapo kidole cha mguu kilikwisha kuisukuma pedali, gia huingia yenyewe. Umelitambua hilo kwa mguu wako bila kufundishwa na mtu, nami sikufichi kwamba nilifurahi kabla sijakasirika.

Hofu yangu ni kushusha. Unapopandisha, injini inatakiwa kupunguza mizunguko, na kufunga mafuta kunaipunguza bila tabu. Unaposhusha, inatakiwa kuiongeza, kwa hiyo huna budi kufungua mafuta kwa kipimo kilekile ambacho gia ya chini inakidai, huku mkono huohuo wa kulia ukiwa umeshika breki ya mbele. Ukikosea kipimo, gurudumu la nyuma ndilo linalolazimika kuiburuta injini hadi mwendo ulingane, na barabara ikiwa na maji au mchanga gurudumu hilo huteleza, tena huteleza palepale watu wanaposhushia gia, yaani wanapoingia kona. Pengine gia haiingii kabisa, ukajikuta katikati ya gia mbili, pikipiki inaserereka na injini haikusaidii kuizuia. Klachi ukiishika na kuiachia taratibu, tofauti ile ya mwendo huisha kidogo kidogo badala ya kulifikia gurudumu kwa mshindo. Nawe utakuwa na mzigo nyuma.

Mdogo wako ananibishia kwamba ziko pikipiki zisizo na mkono wa klachi hata kidogo. Ni kweli, Honda Super Cub imekuwa hivyo tangu mwaka 1958, lakini klachi imo ndani, na pedali ya gia ndiyo inayoiachanisha. Ziko pia zenye kifaa cha kukata cheche kwa sehemu ndogo ya sekunde kila pedali inapoguswa. Yako haina kifaa hicho wala haina pedali ya namna ile, na mtoto huyo asikufanye ujione bingwa.

Wala usiniambie kwamba uliniona mimi nikifanya hivyo. Ile pikipiki ya zamani iliyokuwa ikitema gia ya tatu kila ilipopanda mlima haikujiharibu. Fundi alipoifungua alinionyesha meno ambayo pembe zake zilikuwa zimelika zikawa mviringo, na uma unaohamisha gia ukiwa umepinda, na chembe za chuma zilizokuwa zikimeta ndani ya oili, ambayo ndiyo oili hiyohiyo inayolainisha injini nzima. Mama yako hakuwahi kuambiwa sababu ya gharama ile, nawe usimwambie sasa.

Kwa hiyo pandisha upendavyo kuanzia gia ya pili kwenda juu, kama huwezi kujizuia. Ya kwanza kwenda ya pili shika klachi, kwa sababu nyutro, yaani pale pasipo na gia yoyote, iko katikati yake na tofauti ya mwendo ni kubwa. Kushusha, shika klachi kila mara, hata kama barabara ni kavu na iko wazi mbele yako. Ujuzi wako uutunze kwa siku ambayo waya wa klachi utakatika mbali na fundi, na siku hiyo ukumbuke kuitafuta nyutro kabla hujasimama, kwani pikipiki ikisimama ikiwa ndani ya gia itashtuka na kuzima.

Mama yako anasema koti la mvua uliliacha nyuma ya mlango. Analituma pamoja na barua hii, nami nimeweka waya mpya wa klachi mfukoni mwa koti hilo. Ukague wa zamani pale unapoingia kwenye mkono wa usukani, na ukiona hata uzi mmoja umechomoza, ubadilishe kabla ya kuondoka. Ukiwa bado mzima, upitishe mpya sambamba nao na kuufunga kwa kamba, ili ukihitajika njiani uunganishe ncha tu.

Baba yako