Barua kwa mwanangu: wafalme nao walilala kambini

Mwanangu mpenzi,

Asalaam alaykum. Dhumuni la barua hii ni kukujulia hali. Sisi huku tu wazima, wasiwasi ni kwako uliye mbali. Nimeanza kizamani makusudi. Naandika kwa kalamu, kwenye meza ya kukunja mbele ya hema, na mdogo wako yuko pembeni anapuliza godoro lililoisha pumzi usiku. Nikimaliza, baba yako ataipiga picha ukurasa kwa ukurasa akutumie.

Nilipokwambia kwamba likizo hii tunakwenda Ufaransa na hema, ulicheka mpaka ukapaliwa. "Mama, umevuka bahari ili ulipe pesa ulale chini?" Siku ile nilikosa la kujibu. Sasa ninalo, ila nimelipata kwenye kasri la Chambord, kwa hiyo nivumilie nikufikishe huko kwanza.

Kambi yetu iko Amboise, kwenye kisiwa katikati ya mto Loire. Usidhani ni pori. Unapewa kipande chako cha nyasi chini ya miti, soketi ya umeme ukiilipia, mabafu ya pamoja yenye maji ya moto, na mkate unauagiza jioni ili asubuhi ukauchukue ungali na joto. Jirani zetu ni wazee wawili wa Kiholanzi, karavani yao ina mapazia ya lesi na chungu cha maua mlangoni. Usiku wa kwanza ilinyesha. Baba yako alikuwa ameshasema vigingi vinne vinatosha, hema si jahazi. Saa nane za usiku tulikuwa nje na tochi za simu, tumening'inia kwenye turubai, yule mzee akatoka na nyundo yake bila kusema neno akatupigia vigingi vilivyobaki. Kesho yake nilimpelekea sahani ya pilau. Tangu hapo tumekuwa ndugu, ingawa tunaongea kwa mikono tu.

Ukifungua zipu ya hema, ng'ambo ya maji kuna kasri la wafalme. Kwa ajili hiyo ndiyo tuliendesha kilomita 600 hivi kutoka Liège, Ubelgiji.

Wewe unayesomea usanifu majengo utauliza kwanza habari ya jiwe. Wanaliita tuffeau, ni jiwe la chokaa, jeupe, lililochimbwa kwenye vilima vya kando ya mto. Likitoka ardhini ni laini, linakatika kwa msumeno. Likikaa hewani linakaza. Nilimkumbuka babu yako akisimulia jinsi matumbawe yanavyochongwa yangali mabichi, yana maji ya bahari, na yakikauka yanakuwa jiwe la kujengea msikiti. Mashimo yaliyobaki vilimani hayakutupwa. Wanaoteshea uyoga, wanahifadhia mvinyo, na mengine watu waliyafanya nyumba: mlango na dirisha usoni mwa mwamba, dohani inachomoza juu katikati ya nyasi.

Na kwa nini makasri mengi namna hii sehemu moja? Vita. Mwaka 1418, wakati wa vita virefu na Waingereza, mrithi wa ufalme, yule aliyekuja kuwa Charles VII, aliikimbia Paris akaja huku. Wafalme waliofuata wakaizoea Loire kwa miaka 100 na ushei. Wakubwa wa serikali nao wakajenga karibu na mfalme, kama ilivyo desturi ya wakubwa.

Sasa Chambord. Unaanza na msitu. Ukuta wa kilomita 32 umezunguka eneo lote, na eneo lenyewe linakaribia ukubwa wa jiji la Paris. Barabara nyoofu, miti, miti, halafu ghafla paa. Nasema paa kwa sababu ndilo unaloliona: minara, dohani na vijumba vya mawe vimesongamana juu kama mji uliopandishwa ghorofani. Mfalme François I alianza kulijenga mwaka 1519, kijana wa miaka 25 hivi, akitaka aonekane. Amechonga herufi F na nembo yake, mjusi wa motoni, kila mahali. Mdogo wako alianza kuhesabu akachoka.

Katikati kuna ngazi ambayo ningelipa nauli yako uje uione. Ni ngazi mbili za mzunguko zilizosokotana kama nyuzi za kamba, kila moja na mwanzo wake. Mdogo wako alipanda moja, mimi nyingine. Tulionana kupitia vidirisha vya nguzo ya katikati, tukapungiana, tukaitana, na hatukukutana mpaka juu. Alirudia mara nne, mimi magoti yalikataa. Watu husema ni wazo la Leonardo da Vinci, aliyekuwa mgeni wa mfalme hapa Amboise tangu 1516. Hakuna hati inayosema hivyo, na alifariki Mei 1519, mwaka uleule wa kuanza ujenzi. Lakini michoro yake ya ngazi zilizosokotana ipo, na mimi naamini.

Halafu vyumba. Viko zaidi ya 400, meko ya kuota moto 282, na vingi ni vitupu. Baba yako alinuna: tumelipa tuangalie kuta? Ni kweli samani ziliuzwa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, lakini si hilo tu. Hata enzi za François mwenyewe kasri lilikaa tupu karibu wakati wote. Katika miaka 32 ya utawala wake alilala humo siku 72 hivi. Siku 72! Baraza la mfalme lilikuwa la kuhamahama, maelfu ya watu na farasi. Mfalme akitaka kuja kuwinda, mikokoteni inatangulia na vitanda, masanduku, meza, vyombo, mazulia ya kutundika ukutani kuzuia baridi. Akiondoka, vyote vinafungwa, vinapakiwa, na nyumba inaachiwa popo. Hata neno la Kifaransa la samani, meubles, maana yake ya asili ni vitu vinavyohamishika.

Basi jibu lako ndilo hilo. Mtu mwenye meko 282 alikuwa anasafiri na kitanda chake. Mimi nani nionee haya godoro la kupuliza?

Nilikaa kwenye dirisha moja la mawe nikaiwaza Husuni Kubwa yetu. Sultani al-Hasan ibn Sulaiman aliijenga Kilwa karne ya 14, miaka 200 kabla ya huyu François: vyumba zaidi ya 100, kidimbwi cha pembe nane, bahari chini yake. Haikumalizika, wala haikukaliwa muda mrefu. Tulipopelekwa na shule tulivuka kwa mashua, na aliyetuongoza alisema "ilitelekezwa" kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Chambord haikumalizika mpaka mwenyewe anakufa mwaka 1547, na hapa hakuna anayeomba radhi, wanakuuzia tiketi. Zote mbili ziliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka mmoja, 1981.

Kasri la Blois tulipita nusu siku tu. Humo ndimo mfalme Henri III aliamuru Duku wa Guise, mkubwa mwenzake aliyemwogopa, auawe, Desemba 1588, na chumba unaonyeshwa. Mdogo wako aliulizia damu, nikamtoa nje nikamnunulia aiskrimu.

Chenonceau ndilo ambalo shangazi zako wangelipenda, kwa sababu habari zake ni za wanawake na nyingine ni za uani. Limejengwa juu ya mto Cher, mto wenyewe unapita chini ya sebule. Mfalme Henri II alimpa kimada wake, Diane de Poitiers, aliyemzidi miaka kama 20, na ndiye aliyejenga daraja. Mfalme alipokufa mwaka 1559 kwa jeraha la mkuki wa mchezoni, mkewe Catherine de Médicis hakungoja: alimtoa Diane pale, akampa kasri jingine, Chaumont, kisha akajenga ukumbi wa mita 60 juu ya daraja la mwenzake. Jiko liko ndani ya nguzo za daraja, sufuria za shaba zimepangwa zinang'aa, na vyakula vilishushwa kutoka kwenye mashua. Nilikaa humo kuliko chumba chochote cha malkia. Ule ukumbi wa Catherine, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, uligeuzwa hospitali, na zaidi ya majeruhi 2,000 walitibiwa humo. Vita vya Pili vilipokuja, mto Cher ukawa mpaka kati ya sehemu iliyoshikwa na Wajerumani na ile nyingine, kwa hiyo mlango wa mbele ulikuwa upande mmoja na mlango wa mwisho wa ukumbi upande wa pili. Watu walivushwa kupitia humo. Baba yako, ambaye huwa anakagua tu maegesho, alisimama pale mlangoni muda mrefu bila kusema kitu.

Jana, siku ya mwisho, ndipo tulivuka daraja kwenda kwenye kasri letu wenyewe la ng'ambo. Mnara wake mmoja una njia pana ya mzunguko badala ya ngazi, farasi na magari yao walipanda moja kwa moja kutoka mtoni hadi uani juu. Ndani ya kasri hilo mfalme Charles VIII aligonga kichwa kwenye kizingiti cha juu cha mlango, mwaka 1498, akienda kutazama mchezo uliozaa tenisi ya leo. Akafa siku hiyohiyo, miaka 27. Baba yako aliinama kila mlango baada ya hapo.

Nilikuwa nacheka bado tulipotokea kwenye bustani ya nyuma. Kuna mawe 25 yamesimama kwenye nyasi. Nilijua kabla sijasoma kibao. Amiri Abdelkader, aliyepigana na Wafaransa kule Algeria, alijisalimisha Desemba 1847 kwa ahadi kwamba ataachwa aende nchi ya Waislamu. Ahadi ikavunjwa. Walimleta hapa na familia yake na wafuasi wake, akafungwa ndani ya kasri la kifalme kuanzia 1848 mpaka 1852. Wenzake 25 walifia humu, wakiwemo wanawake na watoto. Mawe haya yaliwekwa mwaka 2005, kazi ya msanii wa Algeria, Rachid Koraïchi. Na huyo Amiri, alipokuwa anaishi Damasko mwaka 1860, aliwakinga maelfu ya Wakristo wasiuawe.

Tuliwasomea Fatiha. Mdogo wako aliuliza kama na wao walikuja na vitanda vyao. Sikuwa na jibu.

Kesho tunang'oa hema, likikauka. Elfu hamsini nimeshakutumia kwa simu, nunua kofia ngumu ya maana ya huko field, usiazime ya fundi. Ukienda Kilwa Desemba msalimie bibi yako, na uvuke kwenda Husuni Kubwa unipimie kile kidimbwi kwa hatua zako, nataka kujua mimi.

Mdogo wako amemaliza kupuliza. Linavuja tena.

Akupendaye,
Mama